Baridi ya Chuga: Uwashe Moto Lini?

Masika yakishaaga na Mei ikielekea ukingoni, swali lilelile huzuka katika nyumba za Arusha, Chuga yetu, kuanzia Ngaramtoni mpaka Usa River: tuwashe au bado? Baba anasema bado, hayo ni manyunyu tu. Mama ameshajitanda kitenge cha pili mabegani. Watoto hawasemi kitu. Wamejikunyata kwenye kochi, shuka moja la Kimasai, vichwa vitatu.

Wajerumani wana kanuni yao ya kizamani: nyumba hupashwa joto kuanzia Oktoba mpaka Pasaka, basi. Katika miji mingi ya Urusi hata huulizwi. Wakubwa wa mji husubiri siku tano mfululizo ambazo wastani wa joto nje uko chini ya nyuzi 8, kisha hufungulia maji ya moto yanayozunguka kwenye mabomba ya nyumba zote. Sisi hatuna kalenda hiyo wala bomba hilo. Tuna mlima, mawingu, umeme wa LUKU na gunia la mkaa, na kila nyumba inajiamulia. Mimi niko upande wa wanaochelewa. Chelewa kuwasha, na siku ukiwasha, wapashe watu joto kabla ya kuta. Sababu zangu ni hizi.

1. Usitazame mwezi, tazama mawingu

Arusha mjini tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, lakini mwinuko peke yake haumalizi maelezo. Katikati ya mwaka upepo wa kusi huleta hewa yenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi. Hewa hiyo ikifika Meru, mlima wa mita 4,566, haina pa kupita ila juu. Ikipanda inapoa, ikipoa inafanya wingu, na wingu hilo linaketi juu ya Sakina, Ilboru na Moshono kutwa nzima bila haraka yoyote. Ndiyo maana baridi yetu ni ya mchana pia. Mgeni kutoka Dodoma anajua baridi ya alfajiri inayokimbia jua likichomoza. Hapa anasubiri jua mpaka saa tisa na halijaja.

Zunguka mlima uende Oldonyosambu au Ngarenanyuki, mambo yanaweza kubadilika siku hiyohiyo. Huko ni kisogoni mwa mlima, anga mara nyingi liko wazi na mchana unavua koti. Ila usiku hakuna wingu la kuzuia joto lisipae, na alfajiri inauma kwelikweli.

Sasa kanuni yangu. Siku moja ya manyunyu si sababu ya kuwasha chochote, kwa kuwa ukuta wa tofali bado una joto la jua la jana na juzi. Ikifika siku ya tatu mfululizo hujaona kivuli chako barabarani, ukuta wenyewe umepoa. Hapo ndipo unapokaa sebuleni, hewa haionekani kuwa mbaya, lakini mgongo unasisimka. Mwili wako unatoa joto kuelekea ukuta baridi, hata kama hakuna upepo wowote ndani. Siku tatu bila kivuli: anza kufikiria moto. Kabla ya hapo, vaa sweta.

2. Dumu la mafuta linajua kuliko baba

Kipimajoto cha ukutani si ghali, na kwa nyumba yenye mtoto mchanga au mzee ningekinunua. Shirika la Afya Duniani linashauri joto la ndani lisishuke chini ya nyuzi 18 wakati wa baridi. Lakini jikoni kwako tayari kuna vipimo vya bure. Mafuta ya nazi huganda joto likiwa chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo kwa Arusha kuganda kwake hakukuambii kitu. Hayo huganda hata Machi asubuhi. Yatazame mafuta ya kula ya mawese, yale ya dumu la njano au chupa kubwa. Kwanza yanapata utando mweupe chini. Siku chache za mawingu zikipita, utando unapanda. Siku unapoinamisha dumu juu ya kikaango na hakitoki kitu, ukaanza kulipiga matako kwa kiganja, ujue jiko lako limekuwa na baridi ya kweli kwa siku kadhaa, usiku na mchana.

Kipimo cha pili ni kamba ya nguo. Sweta la shule lililofuliwa Jumamosi likiwa bado bichi Jumatatu asubuhi, nyumba ina unyevu, na unyevu huo ndio unaofanya nyuzi 17 za Arusha zionekane kali kuliko zilivyo. Usilianike sebuleni usiku. Utakuwa umeingiza maji hewani, kisha unalipia kuyakausha.

3. Ujue umejenga ghorofa ya ngapi ya mlima

Kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kwa nyuzi 6 au 7 hivi. Usa River iko kama mita 1,200, Olmotonyi inakaribia 1,700. Kwa hiyo ndugu wawili, mmoja Usa na mwingine Olmotonyi, wanapishana nyuzi tatu hivi siku hiyohiyo, na wakibishana kwa simu kama baridi imeanza, wote wawili wako sahihi.

Kuna jambo jingine ambalo dalali wa viwanja hakuambii. Usiku hewa baridi ni nzito, huteremka kutoka mlimani ikifuata mabonde ya mito. Nyumba iliyo bondeni karibu na Themi au Naura inaweza kuwa na baridi zaidi ya ile iliyo juu yake mgongoni, mwendo wa dakika tano kwa miguu. Ukiwa bondeni, kanuni ya siku tatu ifanye mbili.

4. Dirisha la mlimani ndilo la jua

Hili linawashangaza wengi. Mlima uko kaskazini mwa mji, na tumezoea kuamini kwamba baridi inatoka huko, basi dirisha la upande huo linafunikwa pazia zito kuanzia Juni hadi Agosti. Kumbe Arusha iko nyuzi 3 hivi kusini mwa ikweta, na Juni jua limekwenda kaskazini. Saa sita mchana linasimama upande wa Meru. Likichungulia kwa nusu saa tu, litaingia kwa dirisha hilohilo ulilolifunika. Fungua mapazia ya kaskazini asubuhi, yafunge saa kumi na moja jioni. Kitanda cha bibi kama kinaweza kuhamia chumba cha upande huo kwa miezi miwili, kihamishe.

5. Ziba kabla ya kuwasha

Nyumba zetu nyingi zilijengwa kwa hofu ya joto. Madirisha ya luva hayafungi hata ukiyasukuma kwa goti, mlango wa nyuma una mwanya ambao panya anapita bila kuinama, na juu hakuna siling bodi, ni bati tu. Joto hupanda, na chini ya bati tupu halina kizuizi. Kama una fedha ya kitu kimoja tu mwaka huu, weka siling chumba cha kulala kabla ya kununua hita. Kama huna, kunja blanketi kuukuu chini ya mlango na utandike zulia au mkeka juu ya sakafu ya marumaru; unyayo ukipata baridi, mwili mzima unalalamika.

Ila hapa nakuwekea alama nyekundu: chumba chenye moto wa aina yoyote kisizibwe kabisa. Nitarudi kwenye hilo.

6. Piga hesabu ya LUKU kabla hujabonyeza

Hita ya umeme ya kawaida ni wati 2,000. Hiyo inakula uniti 2 kwa saa. Iwashe saa tatu kila jioni, ni uniti 6. Kwa mwezi ni 180. Anayenunua uniti kwa shilingi 356 hivi, kodi zikiwamo, anaongeza zaidi ya shilingi 64,000 juu ya matumizi yake ya kawaida. Na ukiwa kwenye kundi la watumiaji wadogo, wale wa uniti 75 kwa mwezi kwa bei nafuu, hita hiyo inazimaliza zote kwa saa 37 na nusu, kabla hujahesabu taa na friji. Ukivuka kikomo, uniti zinazofuata ni ghali mno.

Sasa linganisha. Ndoo ya lita 20 ya maji ya kuoga, kuitoa kwenye baridi ya bomba mpaka uvuguvugu mzuri, inahitaji takriban nusu uniti. Chupa ya mpira ya lita 2 ya maji ya moto, ile ya kuweka miguuni kitandani, haifiki robo uniti. Kwa bei ileile ni kama shilingi 60. Kuiacha hita ya wati 2,000 ikiwaka usiku mzima wa saa nane ni uniti 16, yaani zaidi ya shilingi 5,600. Shilingi 60 kwa kila kitanda, au 5,600 kwa chumba kimoja. Hii ndiyo maana ya kuwapasha watu kabla ya kuta. Chupa ifunge vizuri, ivike soksi, na kwa mtoto mdogo iondoe kabla hajalala.

Ukiamua kuwasha hita, iwashe pale mnapokaa wote, mlango ukiwa umefungwa, saa moja kabla ya chakula cha usiku na saa moja baadaye. Ichomeke ukutani moja kwa moja. Zile ekstensheni nyembamba za mtaani zimetengenezwa kwa chaja ya simu na redio; hita inazivuta mpaka zinanuka plastiki. Ukishika waya ukaukuta una joto, chomoa.

7. Jiko la mkaa: hapa sina utani

Naelewa kishawishi chake. Ugali umeiva, watu wameshakula, na jiko bado lina mkaa mwekundu mzuri usio na moshi hata chembe. Kuuacha uteketee barazani ni kama kutupa fedha. Basi linaingizwa chumbani, mlango unafungwa, dirisha linazibwa shuka, watoto wanalala. Habari za familia iliyokutwa asubuhi haikuamka, jiko likiwa katikati ya chumba, zimesikika miaka nenda miaka rudi katika mikoa yetu ya baridi.

Kinachoua ni hewa inayoitwa kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haikohozeshi. Moshi unaweza kukuamsha, hii haikuamshi. Ikiingia kwenye mapafu hushikana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo damu inaendelea kuzunguka huku haibebi kile ambacho ubongo unakihitaji. Mkaa mwekundu usio na moshi unaitoa. Mkaa uliofunikwa majivu na kuonekana kama umelala unaitoa pia, na mara nyingine zaidi, kwa sababu unaungua kwa hewa kidogo.

Dalili zake zinafanana na mambo mengine: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kuisha nguvu, usingizi mzito. Mtu anadhani ni malaria au uchovu wa safari. Kidokezo cha kukusaidia ni hiki: ikiwa watu wawili au watatu ndani ya nyumba wameumwa kichwa usiku mmoja, na nje wanapata nafuu, mshuku moto kwanza. Toeni kila mtu nje, fungueni milango, na mkifika hospitali mwambieni daktari kwamba palikuwa na jiko ndani. Asipojua hilo, anaweza kuanza na kipimo cha malaria.

Kwa hiyo: jiko la mkaa huotewa barazani, au katika chumba chenye dirisha lililo wazi na watu walio macho, na hutolewa nje kabla mtu wa kwanza hajasinzia. Kuacha ufa wa dirisha kisha kulala nalo hakutoshi. Jiko la gesi la kupikia nalo si la kupashia chumba. Na mgeni anayelala kwako kwa mara ya kwanza, hasa kijana aliyetoka Pwani na anayetetemeka, mwambie wazi, usidhani anajua. “Mwanangu, blanketi la pili liko kabatini, jiko libaki nje.” Imetosha.

8. Kama una dohani, ikague Mei

Nyumba za kizamani za mjini na za mashambani, zilizojengwa wakati wa Mjerumani na Mwingereza, nyingi zina sehemu ya kuotea moto sebuleni. Na siku hizi wenye uwezo wanaojenga Njiro na Usa River wameirudisha. Ni starehe nzuri kuliko zote, mradi moshi upande. Dohani iliyokaa tangu Agosti mwaka uliopita inaweza kuwa na kiota cha ndege, masizi na tofali lililoachia. Washa ukurasa mmoja wa gazeti chini yake kabla ya kuwasha kuni. Moshi ukirudi sebuleni, tafuta fundi kabla ya kitu kingine.

Kuni ndizo zinazoamua kama utapata joto au machozi. Kuni mbichi hutumia sehemu ya moto wake kuchemsha maji yaliyo ndani yake. Gonganisha vipande viwili: zilizokauka hutoa mlio mkali, mbichi hutoa mlio mfu. Zilizokatwa wakati wa masika, usizinunue kwa ajili ya Juni hata muuzaji akiapa. Mkahawa mkuukuu, ule unaong’olewa shamba linapopandwa upya, ni kuni nzito, inayoungua taratibu, na kisiki chake kimoja kinakufikisha usiku wa manane. Mkaratusi uliokauka vizuri unafuata. Mgrevilea ni rahisi kupata, kwa kuwa umejaa kwenye mashamba ya kahawa kama mti wa kivuli, lakini unaungua upesi. Mabanzi ya misindano kutoka kwenye mashine za mbao yatumie kuwashia tu. Yana utomvu mwingi, na moshi wake unaacha masizi ndani ya dohani.

Na muulize muuzaji zimetoka wapi. Msitu wa mlimani ndio unaoilisha mito ya mji. Ukiuchoma sebuleni kwako Julai, Januari bomba likikauka usimlaumu mtu.

9. Mpeni kipaumbele asiyeweza kusema

Mtoto mchanga hawezi kutetemeka kama mtu mzima ili ajipashe joto, na mzee mara nyingi hahisi baridi mpaka imeshamwingia. Bibi akikuambia “sijambo, mjukuu wangu, mimi nimezaliwa huku”, mshike mikono kwanza, halafu umwamini.

10. Tumbo nalo ni tanuri

Mtori wa moto saa moja jioni unafanya kazi ambayo hita haiwezi. Chai ya tangawizi vilevile, na makande yaliyochemka taratibu mchana kutwa yanapasha jikoni bure. Konyagi haimo kwenye orodha: inafungua mishipa ya ngozi, unahisi joto usoni wakati mwili unalipoteza.

11. Nunua sweta wakati hakuna anayelitaka

Wafanyabiashara wa mitumba wa Kilombero wanaijua hali ya hewa kuliko mtu yeyote. Manyunyu ya kwanza yakidondoka, makoti yanapanda kutoka chini ya meza hadi kwenye henga za mbele, na bei inapanda nayo. Shule zinapofunguliwa Julai ndiyo kilele. Mzazi aliyechelewa analipa bila kubishana. Nenda Januari au Februari, jua likiwa kali, uulize blanketi zito. Muuzaji atakushangaa kidogo, kisha atakupa bei ya mtu anayetaka kupunguza mzigo. Kuni nazo ni hivyohivyo: zinunue Januari, zipange chini ya bati zikiwa zimeachiana nafasi ya kupitisha hewa.

12. Ujue na wakati wa kuacha

Watu wanaojua kuanza mara nyingi hawajui kuacha. Hita iliyowashwa Juni inaendelea kuwashwa Septemba kwa mazoea, wakati nje jua limesharudi. Kipimo changu ni maonyesho ya Nanenane. Ukienda viwanja vya Themi kule Njiro mchana wa Agosti 8 na ukajikuta umevua sweta na kulifunga kiunoni, anza kupunguza: zima hita ya jioni kwanza, chupa ya maji ya moto iache iendelee wiki chache zaidi, kwa kuwa usiku unachelewa kupata habari. Siku tatu mfululizo za kivuli barabarani, zima kabisa. Majivu ya kuni yamwage shinani kwa migomba, ya mkaa yaliyochanganyika na plastiki uliyowashia yatupe jalalani. Kisha ondoa lile blanketi chini ya mlango, ulianike juani, na umwite fundi wa siling sasa, kabla ya vuli, wakati bado unakumbuka vizuri kwa nini unamhitaji.